Tuliposhinda kwa Wataliano



Wazazi wenzangu na wanafunzi wetu wapenzi, leo nataka kusema juu ya siku moja tu, na najua wapo watakaoninunia. Agosti iliyopita mimi, mume wangu, watoto wetu watatu na Bibi yangu mzaa mama tulialikwa chakula cha mchana na familia ya Kitaliano hapa Malindi. Tulikwenda, tukashinda huko mpaka baada ya Alasiri. Kabla hatujafika nyumbani habari zilishafika msikitini. Magharibi ile mume wangu aliulizwa, "Vipi, mmekwenda kula kwa Mtaliano? Kwani nyumbani mmekosa?" Aliyeuliza ni mzee tunayemheshimu na hakuuliza kwa shari. Mume wangu alicheka tu. Mimi sikuweza kucheka, kwa hivyo namjibu hapa.

Anayeishi Malindi hahitaji kuelezwa Mtaliano ni nani, lakini wasomaji wa mbali huenda wasijue. Wako hapa tangu miaka ya 1960, ulipoanza mradi wa San Marco kule Ngomeni, ambako walikuwa wakirusha setilaiti kutoka kwenye majukwaa yaliyosimamishwa baharini. Setilaiti moja ya Wamarekani iliyorushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. (Wanafunzi wa sayansi, waulizeni walimu wenu habari zake. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotumwa juu kwa kazi ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota, na iliondoka mlangoni mwetu.) Baada ya mafundi wakaja watalii, baada ya watalii wakaja wenye mahoteli na wenye majumba. Leo kijana wa pwani ambaye hakumaliza hata shule ya msingi anaweza kukuuzia kinyago kwa Kitaliano cha kupendeza.

Na mabaya yapo, siwezi kuyafunika kwa kuwa nimekula tambi zao. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya watoto wa pwani wanaoharibiwa na watu wazima kwa fedha, kuanzia huku Malindi mpaka Diani. Sisi tulikuwa tumezoea kusema, "Ni Wataliano hao." Ripoti ilipohesabu wanaume wenyewe, Wataliano walikuwa asilimia 18. Waliokuwa mbele kabisa, asilimia 38, walikuwa Wakenya. Nimeitaja hesabu hiyo katika vikao vya kina mama zaidi ya mara moja, na kila mara hupatikana mtu wa kuhamisha mazungumzo yakaenda kwenye bei ya unga.

Turudi kwenye mwaliko. Mume wangu ni fundi wa pampu za visima. Katika nyumba anazozihudumia iko moja ya mama mzee wa Kitaliano ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi kule Ngomeni miaka ya 1970. Huja kila mwaka na mwanawe, mkewe mwanawe na wajukuu wawili. Wajukuu humwita Nonna, yaani bibi, na watoto wangu nao wakaiga. Kijana wangu humfuata babake kazini siku za likizo, akawa anacheza mpira na yule mjukuu wa kiume, basi ndiyo ikawa sababu.

Walitualika tarehe 15 Agosti. Siku hiyo Wataliano huiita Ferragosto, miji yao hufungwa na kila mtu huenda baharini. Jina lake linatokana na mfalme Augusto wa Warumi wa kale, lakini Kanisa Katoliki nalo lina sikukuu yake siku hiyo hiyo. Hapo nikasita. Mume wangu hakuzunguka. Alimwambia yule baba waziwazi kwamba sikukuu yao ni yao, sisi tutakuja kesho yake kwa furaha. Akaongeza kwamba hatuli nguruwe wala hatukai kwenye meza yenye pombe. Yule baba akajibu kuwa hakuna tabu, mamake ana sukari na daktari keshamkataza mvinyo, kwa hivyo meza nzima itakunywa maji.

Basi. Maneno ya dakika mbili. Nayasema haya kwa sababu wengi wetu hukataa mwaliko kwa kusingizia homa, au hukubali kisha tukakaa mezani tumejikunja, tunaangalia chupa kwa jicho la pembeni na hatusemi kitu. Mwenye nyumba atajuaje? Mimi naona ni heshima kumwambia mtu dini yako inataka nini kabla hajawasha jiko.

Bibi hatukukusudia kumchukua. Ana zaidi ya miaka 80 na magoti yanamsumbua. Aliposikia tunakwenda kwa Wataliano alikaa kimya kidogo, halafu akaomba atolewe leso yake mpya kabatini. Tulipofika kwenye lile lango mimi nilikuwa najitayarisha kupiga hodi. Bibi akanitangulia, akapaza sauti, "Permesso!"

Nonna alitoka mbio kama aliyeitwa na dadake. Kumbe hiyo ndiyo hodi yao, Mtaliano mwenye adabu haingii nyumba ya mtu bila kuitamka. Bibi akaendelea, buongiorno signora, na mengine sikuyaelewa. Watoto wangu walibaki midomo wazi. Mimi mwenyewe nilijua kwamba Bibi ana maneno mawili matatu ya Kitaliano. Sikujua kwamba anaweza kuzungumza. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumuuliza.

Bibi ni Mbajuni. Ukoo wake ni wa Ngumi, moja ya visiwa vilivyopangika mbele ya pwani kutoka Kismayo kuja Ras Kamboni, na hadithi za utotoni mwake zote zilikuwa za dau la babake na magofu ya mji wa mawe kisiwani kule. Yeye alikulia Kismayo mjini. Wanafunzi, hapa kuna jambo ambalo vitabu vyenu vya shule hupita haraka. Zamani mpaka wa Waingereza na Wataliano ulikuwa Mto Juba, na Kismayo ilikuwa upande wa Kenya. Italia iliingia Vita Vikuu vya Kwanza upande wa Waingereza baada ya mapatano ya siri ya London mwaka 1915, ikaahidiwa ardhi. Mwaka 1925 Uingereza ikalipa ahadi yake kwa kuwapa Jubaland. Mpaka ukasogezwa kusini mpaka karibu na Ras Kamboni. Mbajuni wa Kiunga na Faza akawa wa Mwingereza, nduguye wa Chovai, Koyama na Ngumi akawa wa Mtaliano. Hakuna aliyewauliza. Waingereza wakaiteka Kismayo Februari 1941, kisha mwaka 1950 Umoja wa Mataifa ukamrudishia Mtaliano usimamizi wa Somalia mpaka uhuru wa 1960. Katika miaka hiyo kumi ya mwisho mamake Bibi alikuwa akifua nguo katika nyumba ya ofisa wa Kitaliano Kismayo, na Bibi, msichana mdogo, akimfuata na kikapu. Ndiko alikookota lugha.

Chakula kilikuwa spageti na mchuzi wa nyanya na jodari. Bibi aliuita sugo, na uma akaiita fargeto, kama wanavyoita Wasomali mpaka leo, maana wote waliyachukua maneno hayo pamoja na chakula. Kisha akauliza kwa adabu kama kuna ndizi mbivu. Ikaletwa, wakidhani ni ya kumalizia. Bibi akaikata vipande juu ya tambi, akachanganya, akala. Yule mjukuu wa kike akapiga ukelele. Babake alishika kichwa kama mtu aliyeona gari linaingia baharini. Bibi akawaambia kwamba Kismayo hivyo ndivyo inavyoliwa, na anayekula pasta bila ndizi ni mgonjwa au mfungwa.

Nonna ndiye hakucheka. Alisema kwamba alipokuwa mtoto Italia ndizi alizozijua zilitoka Somalia. Serikali yao ilianzisha shirika lake la ndizi mwaka 1935, likawa ndilo pekee lenye haki ya kuziuza, na ndizi za mashamba ya Juba na Shabelle ndizo zilizokwenda mezani kwao. Akasema babake akimletea moja Jumapili akiumwa. Basi mabibi wawili wakakaa wakizungumza habari za ndizi, mmoja alikuwa upande wa kulima na mwingine upande wa kula.

Mtoto wa Nonna akaingilia. Alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba Wataliano hawakuwa kama wakoloni wengine, wao walijenga barabara, walipanda mashamba, waliishi na watu vizuri. Nimesikia Wataliano wengi wakisema hivyo, na nadhani wanaamini kweli, maana hawakufundishwa jingine. Sinema iliyotengenezwa juu ya Omar Mukhtar, waliyemnyonga Libya tarehe 16 Septemba 1931, ilizuiwa Italia tangu mwaka 1982 na haikuonyeshwa kwenye televisheni yao mpaka 2009. Mabomu ya gesi waliyoyatumia Ethiopia, serikali yao ilikuja kuyakiri rasmi mwaka 1996, miaka 60 baadaye. Sasa mtu aliyesoma katika nchi hiyo utamlaumu kwa kutojua?

Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, yaani ninyamaze, tu wageni. Nikanyamaza. Bibi hakunyamaza. Aliweka uma chini akasema, kwa Kitaliano kisha kwa Kiswahili ili watoto wake pia wasikie, kwamba mashamba hayo ya ndizi anayajua. Majirani zao Kismayo walikuwa watu wa Gosha, na wazee wao waliwasimulia jinsi miaka ya 1930 walivyokuwa wakikusanywa vijijini kando ya Mto Juba na kupelekwa kwa nguvu kulima mashamba ya Wataliano. Wenyewe waliiita kolonya, na mtu mzima akilitaja neno hilo hushusha sauti. Halafu akasema juu ya mamake. Miaka yote aliyofua katika nyumba ile hakuwahi kuingia wala kutoka kwa mlango wa mbele. Mara moja tu Bibi alipita mbele, kwa utoto, akarudishwa kwa kushikwa sikio. "Na leo," akasema, "nimeingia kwa mlango wa mbele na signora amenishika mkono."

Hakusema kwa hasira. Aliomba mai, yaani maji kwa Kibajuni, akanywa.

Yule baba alikuwa mwekundu. Alisema mambo hayo ni ya zamani, kisha akanyamaza, na sijui mpaka leo kama alikubali au alichoka. Nonna ndiye aliyesema neno. Babake alikuwa askari, alitekwa na Waingereza vita vya 1941, akawekwa kambini huku huku Kenya. Mateka wa Kitaliano ndio waliojenga kikanisa kidogo kilichoko kando ya barabara Mai Mahiu mwaka 1942. Babake akirudi kwao hakusimulia kitu juu ya Afrika hata siku moja, mpaka anakufa. "Nasi hatukumuuliza," alisema Nonna. Hapo nikamwangalia Bibi, naye hakuniangalia.

Mengine ya siku ile nitayapita. Adhuhuri tulipewa chumba cha juu tukasali. Mama wa nyumba alitaka kuiondoa picha ya Bikira Maria ukutani, mume wangu akamwambia aiache, kibla chetu kiko upande mwingine. Baada ya chakula tulishuka ufukweni. Upepo wa kusi ulikuwa bado unavuma na bahari imechafuka, lakini watoto hawajali. Binti yangu aliingia majini na nguo zake ndefu na mtandio. Mama wa Kitaliano alipokuja kukaa nami mkekani alijifunga leso kiunoni na nyingine mabegani, hakuna aliyemwambia. Ninawajua Waislamu wenzetu wanaotoka miji mikubwa kuja kustarehe hapa ambao hawafanyi hivyo, lakini hayo niyaache.

Bibi aliwasimulia watoto jinsi babake alivyovua kasa na ng'amba kwa chazo, yule samaki mwenye kinyonyeo kichwani. Unamfunga chazo kamba mkiani, unamwachia, anakwenda kujibandika kwenye gamba la kasa, nawe unavuta polepole. Mjukuu wa kiume alisema hajapata kusikia kitu kizuri kama hicho. Mjukuu wa kike aliuliza kasa alifanywa nini baadaye. Bibi akajibu kweli, kwamba magamba ya ng'amba yaliuzwa, wakati huo ikiwa ni biashara ya halali, na msichana akalia, kwa kuwa darasa lao huchangia fedha za kuwalinda kasa wa Watamu. Ilibidi Bibi amwombe msamaha kwa niaba ya babake.

Kisha yule kijana akaleta karatasi na kalamu. Alitaka Bibi amchoree visiwa. Bibi hajui kuchora, akataja majina, kijana akawa anaweka duara kwa kila jina: Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, Mdoa. Alipofika Ngumi akamwambia aweke alama ya msikiti. Mtoto wa Kitaliano wa miaka 11 alikuwa ameandika visiwa vya mababu zetu kwa mkono wake, na mwanangu mwenyewe, Mbajuni kwa mamake, alikuwa akisoma majina yale juu ya bega la mwenzake kwa mara ya kwanza.

Niliona haya. Na si haya ya sherehe tu. Bibi alikimbia Kismayo kwa jahazi vita vilipoingia mwaka 1991, akapitia Lamu, akakaa kambi ya Jomvu Mombasa na maelfu ya Wabajuni wengine. Kutoka hapo watu walitawanyika. Binamu yangu mmoja alifika Uingereza akaomba hifadhi. Ofisa aliyemhoji alimwambia ataje visiwa vya Wabajuni, kipi kiko jirani na kipi, watu wake wanavua nini, na maji kwa Kibajuni yanaitwaje. Alikuwa amelelewa Mombasa tangu mchanga, Kiswahili chake kikawa cha Mombasa. Wakamwambia wewe ni Mkenya. Hakuwa peke yake. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa hukumu nzima iliyozungumzia Wabajuni na uwezo wa kusema Kibajuni. Majina ambayo Bibi aliyataja pale mkekani, na ambayo sisi tuliyachukulia kuwa hadithi za wazee, yangemfaa binamu yangu kuliko cheti chochote.

Sasa nimjibu mzee wa msikitini, kwa adabu. Baba, nyumbani hatukukosa chakula. Wanachuoni wetu hutusomesha Suratul Mumtahina aya ya 8, nawe ndiwe uliyetusomesha mimi na dada zangu, kwamba kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita katika dini wala kututoa katika majumba yetu si jambo lililokatazwa. Nilimsomea Bibi maana yake usiku ule. Akaniambia, "Mjukuu wangu, Mtaliano alimpitisha mamangu mlango wa nyuma, na hilo sitalisahau. Lakini walionitoa nyumbani mwangu na bunduki mwaka ule, jioni yake niliwasikia wakiadhini." Nimelitafakari jambo hilo kila siku tangu Agosti. Wewe ukiwa na jibu, Baba, nitalipokea.

Ninachojua ni kwamba nimeishi na Bibi nyumba moja miaka mingi, na ilibidi ageni mwenye lugha nyingine amtengee kiti ndipo nisikie habari za mlango ule. Tumewaachia watoto wetu wamjue Mtaliano kwa pesa zake, na wazee wetu wamjue kwa mjeledi wake, na baina ya hao wawili hatukuweka mazungumzo yoyote.

Wametuahidi kuja kwetu Desemba, in sha Allah. Bibi ameshasema wataingia mlango wa mbele, ingawa nyumba yetu ina mlango mmoja tu.

Ile karatasi yule kijana alimwachia mwanangu, nami nimeibandika sebuleni juu ya mashine ya cherehani. Ina duara sita zenye majina na mbili tupu. Bibi anakumbuka kwamba hapo kuna visiwa, na babake alipita akiviacha upande wa mkono wa kulia akirudi Kismayo, lakini majina yamemtoka na anakasirika akiulizwa. Kama nyumbani kwenu yuko mzee wa upande huo, tafadhali muulizeni leo hii, kisha mtuandikie.